Saa Yako Mkononi mwa Ndugu Yako

Somo la juma: 2 Wafalme 6:1–7

Wana wa manabii walikwenda Yordani kukata boriti, kwa kuwa mahali walipokaa na Elisha palikuwa pamewabana. Mmoja wao alipokuwa akiangusha mti, chuma cha shoka lake kilichomoka mpinini kikazama. Akapiga kelele. Hakulilia kazi iliyosimama wala jasho lililopotea. Kilichomtoa kilio ni kwamba shoka lile lilikuwa la kuazima. Elisha akamuuliza kimeangukia wapi, akaonyeshwa, akakata kijiti akakitupa pale, chuma kikaelea. Akamwambia akiokote, naye akanyoosha mkono akakichukua.

Wahubiri wengi wakifika hapa huenda haraka kwenye mambo ya rohoni: makali yaliyopotea, upako uliozama. Siwapingi. Lakini mimi husimama kwanza kwenye lile shoka lenyewe. Katika sura iliyotangulia, Naamani, jemadari wa Shamu, ametakaswa ukoma. Kabla sura hii haijaisha, jeshi la Washami litapigwa upofu. Katikati ya habari za majemadari na wafalme, mwandishi ametenga aya saba kwa ajili ya chombo cha mtu mwingine, kilichoazimwa na kijana ambaye hata jina lake hatukuambiwa. Chuma kilikuwa ghali zama hizo, na mwanafunzi wa nabii hakuwa mtu wa kwenda kununua kingine. Mungu alikisikia kilio chake kama alivyosikia vilio vya wakubwa.

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kuazimana na kubadilishana saa za mkononi, rafiki kwa rafiki, ndugu kwa ndugu. Najua wapo watakaoona jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wa tafakari. Shoka nalo lilikuwa dogo.

Desturi hii ipo kati yetu kuliko tunavyoisema. Kaka na mdogo wake wanabadilishana saa mwezi hata mwezi. Shangazi anamvulia mpwa wake saa aingie nayo kwenye chumba cha mtihani. Bwana harusi anasimama madhabahuni na saa ya mjomba wake. Viti vya sherehe, turubai la msiba, masufuria makubwa, jembe: hivyo tunaazimana bila moyo kushtuka. Majirani zetu Waislamu wana sura fupi katika Kurani, ya 107, iitwayo Al-Maun, na wafasiri wengi huieleza kuwa inawaonya wanaowanyima wenzao vyombo vidogo vya nyumbani: chungu, ndoo, shoka. Shoka tena! Watu wa dini mbili wanaoishi mtaa mmoja wamefundishwa jambo lilelile, na wamelitenda miaka mingi kupitia dirisha la jikoni.

Saa, hata hivyo, ni kitu cha karibu zaidi. Inakaa kwenye ngozi. Mkanda wake umeshika jasho la mwenyewe, na kama ni mkanda wa chuma, vipingili vyake vimepunguzwa hadi vikamfaa yeye peke yake. Mara nyingi ndicho kitu pekee alichoachiwa na marehemu baba yake, au zawadi ya kustaafu iliyochongwa jina mgongoni. Mtu akikuvulia saa yake akakukabidhi, amekupa kitu kilichokuwa kimelala juu ya mshipa wake unaopiga. Ndiyo maana ombi la saa humfanya hata mkarimu anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Kunyamaza huko si dhambi.

Kuna ushauri unaotolewa sana, hata mimbarini: usimwazime mtu kitu usichokuwa tayari kukipoteza; kama unacho cha ziada mpe kabisa, kama huna mnyime kwa upole. Kwa habari ya fedha, ushauri huo una busara, na wahenga waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walijua walichokisema. Bwana wetu naye katika Luka 6 anatutaka tukopeshe bila kutarajia kurudishiwa, na sina mamlaka ya kulipunguza neno hilo. Lakini kwa kitu kama saa, ushauri wa kutoa moja kwa moja au kukataa nauona umepungukiwa. Kutoa kunakwisha siku ileile. Ukinipa saa yako leo, kesho unaweza kunisahau, nami nikakusahau, na wote wawili tukawa watu wema. Ukiniazima, hatuwezi kusahauliana mpaka irudi. Utaniuliza inaendaje. Nitaitazama mkononi nikukumbuke. Nikipata safari nitakupigia kukuaga na kukuambia nimeiacha wapi. Kwa muda huo wote mimi na wewe tuna jambo linalotuunganisha, na jambo hilo lina uzito kuliko saa yenyewe. Mtu anayegawa vitu vyake ovyo ili asisumbuliwe na watu, anaweza kuwa amekimbia ushirika kwa njia ya ukarimu.

Nieleze kisa kimoja cha karibu. Mama mmoja wa usharika wetu alikuwa na saa ya marehemu mumewe kwenye droo ya kabati, imefungwa ndani ya leso. Ilikuwa ikitolewa Krismasi na Pasaka, ikatazamwa, ikarudishwa. Mpwa wake aliyekuwa akisomea uuguzi alipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati ya kata, naye akaja kuomba saa. Mama alishangaa: si una simu? Yule binti akamweleza taratibu. Mtoto akiletwa na kikohozi au anapumua kwa shida, unatakiwa kumhesabia pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, nguo imefunuliwa kifuani, macho yako yakienda kifuani na kwenye mshale wa sekunde, kifuani na kwenye mshale. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hapo unafikiria nimonia, na hapo dawa inaanza. Simu inazimika kioo katikati ya hesabu, inaita, na haioshwi kama mikono inavyooshwa. Saa yenye mshale wa sekunde, iliyogeuzwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, inamwachia mkono wa pili umshike mtoto.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akaifungua ile leso. Aliniambia baadaye kwamba usiku huo hakulala vizuri, akiwaza saa ya mumewe itagongwa kwenye kitanda cha chuma, itaingia maji, itaibwa. Halafu binti akaanza kumpigia simu jioni: leo nimehesabu watoto watatu, mmoja alikuwa na 58, tumempa dawa, mama yake amesema atarudi kesho kutwa. Kila jioni shangazi akawa anangoja hesabu. Saa ambayo kwa miaka ilikuwa inapima tu urefu wa ujane wake, ilikuwa sasa inapima pumzi za watoto wa watu. Namshukuru Mungu kwa ile dakika ya kunyamaza iliyomzuia asiseme hapana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuficha saa si kuitunza. Saa za namna ya Seiko 5, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1963, hazina betri. Ndani yake mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea, nacho ndicho kinachoikaza springi. Ukiivua ukaiweka, baada ya saa kama 40 itasimama. Mafuta yake hukauka kadiri miaka inavyopita, iwe inavaliwa au haivaliwi, na ikiwa inalala huwezi kujua imeharibika mpaka siku unapoihitaji. Za betri nazo, ukiacha betri iliyokufa ndani yake, huvuja ikaharibu viungo. Kwa hiyo kaka anayemwazima mdogo wake saa ambayo yeye haivai sasa, anaiweka hai. Sisemi hivi kumlazimisha mtu. Nasema kwa sababu uchoyo wetu hujificha nyuma ya neno kutunza.

Sasa tuje kwenye sheria, maana mapenzi bila utaratibu huleta ugomvi. Kutoka 22:14–15 panazungumzia mtu aliyeazima mnyama kwa jirani yake, mnyama akaumia au akafa. Kama mwenyewe hakuwapo, aliyeazima atalipa. Kama mwenyewe alikuwapo, hatalipa. Tazama jinsi Musa alivyokuwa na macho ya mtaani. Hakuishia kusema watu wapendane. Aliuliza nani alikuwa wapi wakati jambo linatokea. Aliyeazima anabeba dhamana, na asitafute visingizio. Hii ndiyo haki iliyomfanya yule kijana wa Yordani apige kelele. Alijua chuma kikikosekana, ni yeye wa kulipa.

Lakini mwenye mali naye ana deni lake, deni la kusema. Fundi saa mmoja ninayemfahamu, anayefanya kazi kwenye meza ndogo ya kioo barazani mwa duka la nguo, aliwahi kunionyesha saa iliyokatika jino la gia ya tarehe. Alifungua kifuniko cha nyuma, akaondoa kiini, akaweka kile kioo cha jicho, akaishika ile gia kwa kibano na kunielekezea kwenye mwanga. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Mwenye saa alimwazima kijana wa dada yake. Kijana akaona tarehe si sahihi, na kwa nia njema kabisa akairekebisha, saa nne usiku. Kumbe saa nyingi za aina hiyo, kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, gia za tarehe zimekwisha kushikana tayari kwa kugeuka zenyewe. Ukilazimisha wakati huo, kitu kinakatika. Fundi aliniambia dawa yake ni nyepesi: peleka kwanza mishale chini hadi saa kumi na mbili, kisha weka tarehe, halafu rudisha majira. Mjomba alilijua hilo siku zote. Hakusema. Kwa maandishi ya Kutoka, kijana ndiye wa kulipa, kwa kuwa mjomba hakuwapo. Kwa dhamiri yangu, mjomba aliyeijua siri ya saa yake akainyamazia, naye alikuwapo pale.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu saa, kaa naye dakika mbili. Mwambie kama raba za kuzuia maji zimezeeka, asiogee nayo wala asiingie nayo baharini, hata kama mgongoni imeandikwa kwamba haipitishi maji. Mwambie inakimbia dakika ngapi kwa juma. Mwonyeshe pini ya mkanda iliyolegea. Kama mkanda ni mpana kwake, mwambie aipandishe juu kidogo ya kifundo, asiende kwa fundi kupunguza vipingili, maana kipingili kikitolewa hupotea na saa hairudi tena kwako kama ilivyokuwa. Wapo wanaoona aibu kusema haya kwa ndugu, wakidhani ni kumwonyesha kwamba hawamwamini. Naamini ni kinyume chake. Mtu usiyemwamini humwelezi ugonjwa wa saa yako, unamnyima tu.

Na wakati mwingine kunyima ni sawa. Nguo ya kuazima, tunaambiwa, haisitiri maungo. Kijana akitaka saa ya thamani ili akapigie nayo picha ukweni, wakwe wamwone mtu wa uwezo wampe binti yao kwa sifa isiyo yake, usimpe. Hapo saa yako imeombwa iseme uongo. Siku ya ndoa yenyewe ni jambo tofauti, maana kila mtu kanisani anajua mjomba amechangia nini, na saa mkononi mwa bwana harusi ni sehemu ya mchango huo. Mpe kwa furaha, na mpige picha pamoja.

Biblia ina kisa kingine, ambacho kwangu ndicho kilele cha jambo hili, nacho kina sehemu mbili ambazo hatuzisomi pamoja mara kwa mara. Katika 1 Samweli 17, Daudi anapokwenda kumkabili Goliathi, Mfalme Sauli anamvika mavazi yake ya vita: kofia ya shaba, deraya, upanga. Daudi anajaribu kwenda, anashindwa, anamwambia mfalme waziwazi kwamba hawezi kuyatumia kwa sababu hajayazoea, kisha anayavua. Sura inayofuata tu, Yonathani, mwana wa Sauli huyohuyo, anavua joho lake, mavazi yake, upanga, upinde na mshipi, anampa Daudi, na hapo hatusikii neno lolote la kukataa. Nyumba moja, mtu yuleyule anayepewa, vitu vinavyofanana. Kuna nini katikati?

Sauli alimvika Daudi vitu vyake ili Daudi awe kama Sauli. Yonathani alivua vyake kwa sababu nafsi yake ilikuwa imeambatana na nafsi ya Daudi. Katika kuazimana kwetu zipo saa za Sauli. Baba anamwazima mwanawe saa nzito ya dhahabu ili mwana aonekane kama yeye, atembee kama yeye, na kila akimwona anamkumbusha ni ya nani. Mwana aliyepewa saa ya namna hiyo ana ruhusa ya kufanya alivyofanya Daudi: airudishe mapema, kwa heshima, aseme, baba, nashukuru, mkono wangu haujaizoea. Daudi hakumtukana Sauli wala hakwenda vitani na mavazi ya mtu kwa kuogopa kumkwaza. Nampenda kwa hilo. Kuna vijana wengi wanaobeba vitu vya wazee wao kwa kulemewa, na wazee hawajui.

Saa za Yonathani nazo zipo, na utazitambua kwa jambo hili: mwenyewe hasimami juu ya kichwa chako. Kumbukumbu la Torati 24:10–11 panamkataza mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mwenzake kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Sioni amri nyingi za kale zinazoijali hivyo aibu ya mtu mwenye haja. Nyumba ya aliyekopa ni yake bado, na mlango ni wake. Ukimwazima mtu saa halafu kila ukikutana naye unamshika mkono unaugeuza kuitazama, umeingia nyumbani kwake.

Nje ya Maandiko nimeona mfano wa jambo hili mahali nisipotarajia, katika historia ya saa zenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani mara nyingi walinyang'anywa saa zao. Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, aliyekuwa Geneva, Uswisi, alikubali kuwapelekea wafungwa hao saa mpya kambini na kuwaambia wasifikirie malipo mpaka vita viishe. Mmoja wao aliitwa Clive Nutting, koplo aliyekuwa akishona viatu katika kambi ya Stalag Luft III, ambayo leo iko katika nchi ya Polandi. Mwaka 1943 aliagiza saa, ikamfikia akiwa nyuma ya seng'enge, na baada ya vita akailipa. Wilsdorf alikuwa mfanyabiashara, na sitaki kumfanya mtakatifu. Lakini fikiria mfungwa aliyevuliwa kila kitu, hajui kama atatoka hai, na mtu wa mbali anamwandikia kana kwamba ana kesho na kana kwamba neno lake lina thamani. Kwa kumwamini alimrudishia heshima kabla saa yenyewe haijafika.

Hao hawakuwa marafiki, wala hawakuwa ndugu. Sisi tunaojuana tangu utoto tunashindwaje?

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu nilifikie sasa, nalo ni kifo. Watu wanaobadilishana saa hawafikirii kwamba mmoja anaweza kufa saa ya mwenzake ikiwa kwake. Nimekaa kwenye vikao vya familia baada ya mazishi nikaona jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwatenganisha watoto wa tumbo moja. Mtu anakuja anasema ile saa ilikuwa yangu, nilimwazima marehemu. Nani atathibitisha? Anayesema kweli anaonekana mwizi, na mwongo wakati mwingine anaondoka na kitu.

Wazee wawili wa kanisa ninaowafahamu walikuwa wamebadilishana saa kwa miaka, tangu walipokuwa waalimu vijana kwenye shule moja. Mmoja alifariki. Siku ya kuondoa matanga, mwenzake alikuja na saa ya marehemu mkononi, akasimama mbele ya ndugu wote, akaivua, akaiweka mezani akasema ni ya nani na tangu lini anayo. Alikuwa tayari kunyamaza kuhusu yake mwenyewe iliyobaki ndani ya nyumba ile. Hakutaka kudai mbele ya mjane. Mtoto mkubwa wa marehemu akaingia chumbani akatoka na daftari. Baba yake alikuwa ameandika ukurasa mzima wa vitu vya watu vilivyokuwa kwake: kitabu cha fulani, msumeno wa fulani, na saa, pamoja na jina la rafiki yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumezoea kusema hivyo tukifikiria mali zetu. Yule marehemu alikuwa ameandika mali za wenzake.

Kisha kijana akamwuliza mzee kama angependa kuendelea. Wakaendelea. Mzee amebaki na saa ya rafiki yake, kijana anavaa ya mzee, na mara moja moja hukutana baada ya ibada wakabadilishana, kila mmoja akakaa na yake kwa juma moja, halafu wakarudishiana tena. Ukisoma 2 Samweli 9, Daudi akiwa mfalme tayari, Yonathani amekwisha kufa, anauliza kama amebaki mtu yeyote wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Wanamletea Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliye kiwete miguu yote miwili, naye anarudishiwa mashamba na kula mezani pa mfalme siku zote. Yale mavazi na upanga vya siku ile ya kwanza havitajwi tena. Agano lililofungwa navyo lilikuwa limehamia kwa mtoto.

Basi wewe uliye na saa ya mtu nyumbani kwako, anza na daftari. Andika ni ya nani, uliipata lini, na mwambie mkeo au mumeo au mtoto wako mkubwa ilipo. Kama umekaa nayo muda mrefu hata unaona aibu kuirudisha, aibu hiyo isikuzuie. Kila mwezi unaopita inaongezeka, na mwenzako yule anakungoja wewe zaidi ya anavyoingoja saa. Kama imepotea au imevunjika, fanya alivyofanya kijana wa Yordani. Hakuogelea kimyakimya kukitafuta chuma peke yake, wala hakurudi nyumbani akingoja aulizwe. Alisema palepale, kwa sauti, mbele ya mtu aliyeweza kumsaidia, naye akaonyesha mahali pale kilipozama. Muujiza ulianzia kwenye kuonyesha mahali.

Na kama ipo salama, ipeleke mwenyewe. Usimtume mtoto, usimpe bodaboda. Futa mkanda kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, weka majira sawasawa, na kama kuna mkwaruzo kwenye kioo, mwonyeshe kabla hajauona. Wewe uliyemwazima mwenzako, ipokee, ivae palepale mbele yake, usiigeuzegeuze kwenye mwanga kutafuta kasoro. Hiyo unaweza kuifanya ukiwa peke yako, kama ni lazima. Mkaribishe chai. Muulize mtihani ulikwendaje, au safari, au zamu za usiku, na muulize kama mwezi ujao ataihitaji tena.